Juni isiyofika: wagumu wa Moshi, kikoba na daftari la Mangi mwaka 2020

Machi 16, 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini: Mtanzania aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Kesho yake serikali ikafunga shule. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Nchi haikufungiwa ndani, kwa hiyo sehemu nyingi maisha yaliendelea kwa ndoo za kunawia mikono na barakoa za kitenge. Moshi mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867, na hao ni pamoja na walioingia Januari na Februari kabla mambo hayajaharibika. Mji unaokula kwa mgongo wa mlima Kilimanjaro ulikosa mlaji wake mkuu.

Kisa tunachokichambua ni cha wapagazi, wanaobeba mizigo ya watalii mlimani, au wagumu kama wanavyojiita, na watu wanaowazunguka: namna walivyosaidiana, msaada upi ulishika na upi uliyeyuka. Kikundi tutakachokipigia hesabu ni cha mfano. Tarakimu zake tumezipanga zifanane na kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha kawaida cha mitaa ya Moshi kama Pasua, Njoro au Majengo, ili hesabu ionekane bila kuanika siri za kikundi cha mtu.

Tuanze na kalenda, maana wengi waliotoa misaada hawakuiangalia. Mgumu amezoea ukata wa kila mwaka. Masika ya Aprili na Mei huwapunguza wageni mlimani hata mwaka mzuri, na mwenye akili hutunza cha Januari hadi Machi kimvushe mpaka Juni, msimu unaporudi na kwenda hadi Oktoba. Kwa hiyo Machi haikumwangusha mtu. Aprili watu walikula akiba kama kawaida, Mei wakakaza mkanda kama kawaida. Kilichowavunja ni Juni kutofika. Na Juni ndiyo ilikuwa na ahadi zote: kodi ya miezi sita iliyolipwa Januari inaisha, mikopo ya kikoba ya miezi mitatu imepitiliza, na Juni 29 shule zikafunguliwa na mahitaji yake. Wahisani wengi walitoa unga Aprili, habari ilipokuwa ya moto. Julai, njaa ilipoingia kweli, huruma ilikuwa imeshahamia kwingine.

Boxi lilivyokwama

Kikundi chetu kina watu 30. Hisa moja ni 5,000, na kila mtu hununua wastani wa hisa mbili kwa wiki. Juu yake kila mmoja anatoa 1,000 kwa wiki ya mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana. Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, wiki 10, hisa zimefika 3,000,000 na jamii 300,000. Kati ya hizo 3,000,000, wanachama 14 wamekopa 2,600,000. Ndani ya boxi la kufuli tatu kuna 400,000 ya hisa na ile 300,000 ya jamii.

Mwenye hisa za 100,000 anaruhusiwa kukopa mara tatu, yaani 300,000, kwa riba ya asilimia 10. Anarejesha 110,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mwezi wa kawaida hilo si tatizo: safari moja ya siku saba kwa kima cha dola 10 kwa siku, dola ikiwa kwenye 2,300 hivi, ni 161,000, bado tipu. Safari moja inalipa rejesho na kubakiza chakula. Bila safari, rejesho ni sifuri siku hiyo hiyo, kwa watu wote 14 kwa pamoja.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Michango yetu yote, ya msiba, ya ugonjwa, ya harusi, imejengwa juu ya jambo moja ambalo halisemwi: anaanguka mmoja, 29 wamesimama. Katiba ya kikundi inasema msiba ni 100,000, kulazwa ni 50,000, na imekaa vizuri miaka yote kwa sababu misiba haiji 24 kwa wiki moja. Mwaka 2020 walianguka 24 kati ya 30, wale wote waliotegemea mlima. Gawanya jamii sawa kwa sawa: 300,000 kwa watu 24 ni 12,500. Hiyo haimalizi hata wiki. Watu wakasema kikoba hakina upendo. Upendo ulikuwepo, ila hesabu ilipangwa kwa janga la aina nyingine.

Jambo la kwanza ambalo huharibika katika hali hii ni hoja ya kuvunja boxi. Mtu anasimama kikaoni: tugawane, kila mmoja akahangaike na chake. Inasikika kama haki. Lakini kilichomo ni 400,000 dhidi ya hisa za 3,000,000, kwa hiyo aliyeweka 100,000 anaondoka na 13,000 na chenji, huku aliyekopa 300,000 akiondoka na deni ambalo hakuna tena kikao cha kulidai. Anayevunja boxi anawazawadia wakopaji kwa fedha za waweka akiba, na waweka akiba wakubwa kwenye vikundi hivi mara nyingi ni mama lishe na wauza mitumba wa Kiboriloni, si wagumu wenyewe. Kikundi kikishavunjika hivyo hakirudi, hata watalii warudi kwa mafuriko.

Jambo la pili ni kushusha bei ya hisa. Ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Mtu akisema hisa ishuke kutoka 5,000 hadi 1,000 ili kila mtu amudu, Desemba wakati wa kugawana hakuna anayejua hisa ya Februari ina thamani gani ukiilinganisha na ya Juni, na mhazini anaanza kuitwa mwizi bila kuiba. Dawa ni kuacha hisa palepale na kuruhusu wiki tupu, mwanachama anakuja na kutia sahihi bila kununua. Kama lazima watu waweke kidogo kidogo, lifunguliwe daftari jipya kwa akiba hiyo, lisichanganywe na la hisa.

Kuhusu mikopo, hatua zilizo salama ni tatu, na zifanyike kikao kimoja. Riba isimamishwe ilipofika, iandikwe kwa tarehe. Rejesho la 110,000 liondolewe, na badala yake kila mdaiwa alete chochote kila mwezi, hata 2,000. Tatu, hakuna mkopo mpya isipokuwa wa dawa. Hiyo 2,000 haina maana kifedha, lakini anayelipa 2,000 anaendelea kuja kikaoni, na asiyelipa kabisa anaanza kubadilisha njia akimwona mhazini sokoni. Mei mwaka huo Benki Kuu nayo iliruhusu mabenki kuwapangia upya mikopo wateja walioathirika. Mgumu hana mkopo benki. Kikao cha chini ya mwembe ndicho kilichokuwa Benki Kuu yake.

Nani apewe

Kugawa sawa kunapendwa kwa sababu hakuleti maneno. Kunamaliza fedha pia. Kati ya wale 24, wapo ambao mama yao yuko Kibosho au Marangu na kihamba, shamba la nyumbani, chenye migomba, na wapo waliotoka Singida au Babati kutafuta maisha, ambao shamba lao la karibu liko saa nyingi za basi. Wakipewa 12,500 wote, mmoja anaongeza kitoweo na mwingine analala njaa siku ya tano.

Maswali matatu yanatosha kuwatofautisha. Nyumbani kuna mtu mwenye mshahara au biashara isiyogusa wageni? Kuna shamba au kihamba mnachokula? Kuna mgonjwa wa dawa za kila siku, mjamzito, au mtoto wa chini ya miaka miwili? Wanaojibu hapana, hapana, ndiyo, wanatangulia. Kisha wenye hapana mbili. Tuseme wamepatikana tisa. Sasa 300,000 ni 33,000 kwa kila nyumba, na hiyo inabeba wiki na ushee.

Waulizaji wawe wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, asiwe mwenyekiti, wala ndugu. Waende nyumbani. Ukiuliza kikaoni, mwanamume aliyezoea kubeba kilo 20 hadi kambi ya Barafu mlimani hatasema mbele ya wenzake kwamba watoto hawajala. Atasema "sisi tuko sawa tu". Na picha zisipigwe. Tuliona jinsi picha ya mtu ameshika kiroba inavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi kwa wakwe zake. Anayepigwa picha hivyo harudi kupokea mara ya pili hata akifa.

Kiasi cha chakula kinajulikana. Mgao unaotumiwa kwenye misaada ya chakula ni takribani gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharage au kunde, gramu 25 za mafuta na 5 za chumvi. Familia ya watu watano kwa wiki: unga kilo 14, maharage kilo 2 na kidogo, mafuta lita moja, chumvi robo kilo. Hapo unapata kalori 1,900 hivi kwa mtu. Zinazobaki kufika 2,100 zitoke kwenye ndizi, mboga na maziwa. Fungu la hisani lilikuwa na kawaida ya kukosea kwa namna ileile: unga tele, sukari kilo mbili kwa sababu inapendeza, maharage nusu kilo, mafuta hakuna. Mafuta ndiyo ya kwanza kukatika nyumbani, na familia iliyoishiwa hununua ya kupima, ya mia tano mia tano, kwa bei ambayo ukiijumlisha hadi lita unashangaa.

Ndizi kutoka mlimani zilisaidia sana, na zilipotea sana. Ndugu wa Machame au Old Moshi wanajaza Noah kwa mikungu ya mshare, inashushwa mjini kwa siku moja, nyumba tano zinapata mikungu miwili kila moja. Siku chache baadaye nusu imeiva, na ndizi ya kupika ikishaiva haipikiki mtori wala machalari. Mkungu mmoja kila siku ya nne kwa nyumba ni bora kuliko mikungu miwili Jumamosi. Anayepanga ratiba ya kukata anatoa msaada mkubwa kuliko anayelipia mafuta ya gari.

Daftari la Mangi

Msaada uliodharauliwa kuliko yote ndio uliokuwa na nguvu kuliko yote, nao ni mkopo wa dukani. Fungua daftari la duka lolote la mtaani, karatasi zimelainika kwa mafuta pembeni: *Mama Neema, unga 2, maf. ya kupima, sabuni kipande, kiberiti*. Chini yake mstari, halafu tena Mama Neema. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna mdhamini. Mwaka 2020 nyumba nyingi zilivuka Mei na Juni kwa kurasa hizo.

Lakini Mangi, yaani mwenye duka, naye ana mwisho wake. Duka la mtaji wa 1,500,000, wateja 25 wakidaiwa 30,000 kila mmoja, lina 750,000 kwenye karatasi. Nusu ya mtaji imekaa matumboni mwa watu. Viroba vya kilo 25 anavinunua soko la Mbuyuni kwa fedha taslimu. Muuzaji wa jumla hana habari na Mama Neema. Hapo Mangi hasemi hapana. Anasema "unga umeisha, mama, kesho", na unga uko nyuma ya pazia. Siku hiyo mtaa mzima umepoteza benki yake, na hakuna aliyeitangaza.

Ndiyo maana mwenye 300,000 ya kutoa, awe mwana Moshi aliyeko Dar es Salaam au Marekani, anafanya kazi kubwa zaidi akiipeleka kulipa madaftari kuliko kununua unga na kuugawa. Shilingi ileile inafuta deni la nyumba, inajaza rafu, na inafungua tena mkopo. Utaratibu wake una kanuni chache ambazo zikirukwa mambo yanaharibika. Mdaiwa ataje deni lake kabla daftari halijafunguliwa, kwa sababu wapo wenye maduka ambao wakisikia kuna mfadhili, deni linavimba usiku. Zikitofautiana, mjumbe wa mtaa akae nao wapitie mistari. Ilipwe nusu ya deni, si lote; nusu inayobaki humfanya mdaiwa aendelee kuheshimu daftari, na fedha inafika nyumba mara mbili zaidi. Bia na sigara zisilipiwe. Mangi aandike kwa mkono wake kwamba atawakopesha tena watu hao hao hadi kiwango kilicholipwa, kwa bei ya kawaida. Hili la bei ni muhimu: kuna bei ya taslimu na bei ya daftari, kila mtu anajua, na mfadhili asipouliza analipia tofauti hiyo bila kujua.

Kodi ilikuwa na sura nyingine. Wenye nyumba wa Moshi hupokea kwa miezi mitatu au sita, na wengi wao si matajiri. Ni wajane na wastaafu ambao vyumba vitatu vya uani ndiyo pensheni. Kumwomba mama wa namna hiyo asamehe kodi ni kumhamishia njaa. Kilichofaa ni kuvunja ile miezi sita. Mpangaji aliyekwenda mapema, kabla ya tarehe, alisikilizwa:

"Shikamoo mama. Nimekuja kabla kodi haijaisha, nisije nikaonekana nakukimbia."

"Marahaba baba. Sema."

"Ya miezi sita sina. Ninayo ya mwezi huu, elfu arobaini hii hapa. Ya mwezi ujao nitakuja tarehe kumi, niwe nayo nisiwe nayo."

"Uje kweli. Usinitume kukutafuta."

Makubaliano hayo yaandikwe mistari minne, yashuhudiwe na mwenyekiti wa mtaa. Yasipoandikwa, mtoto wa mama huyo anarudi Desemba kutoka Dar na hesabu yake kichwani.

Nusu ekari

Jambo moja liliendana na kalenda kuliko mengine yote, na lilifanywa na wachache. Kazi ilikatika katikati ya Machi, na katikati ya Machi ndipo masika yanapokaribia na mahindi yanapandwa. Familia nyingi za Kichaga zina kihamba juu na shamba la mahindi tambarare, chini ya barabara ya Himo, na mashamba hayo mara nyingi hulimwa nusu tu kwa kukosa nguvu kazi. Mgumu ana nguvu na hana kazi. Nusu ekari inahitaji kilo 4 au 5 za mbegu, palizi mbili, na jicho kwa viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017 na wanaokula moyo wa mhindi ukiwa mdogo. Ikipandwa mwishoni mwa Machi, Juni unachoma mabichi, na Julai au Agosti unavuna. Gunia nne za kilo 100, ambazo ni mavuno ya wastani tu, kwa matumizi ya kilo 2 kwa siku zinalisha watu watano siku 200.

Waliopewa shamba mwishoni mwa Aprili walipewa maneno. Mahindi yalifika kubeba mvua ikiwa imekatika. Na waliopewa bila kusema masharti waligombana wakati wa mavuno. Nusu kwa nusu, au mbegu irudishwe mara mbili, au bure kabisa: chochote, ila kisemwe siku ya kupanda, mbele ya mtu wa tatu.

Itajwe pia kwamba Oktoba 11 mwaka huohuo moto ulizuka mlimani eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, na mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa vijiji vya chini, wakapanda kuuzima pamoja na askari wa hifadhi kwa matawi na majembe. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilitaja kilomita za mraba 95.5 zilizoungua. Anayetaka kujua msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ni nini asiishie kwenye mifereji ya maji tu.

Waliobaki nje, na baada ya hapo

Orodha za misaada zilianza na wagumu, wapishi na waongoza watalii, kwa sababu wana vyama na majina yao yako kwenye makampuni. Dobi aliyefua mifuko ya kulalia, kijana aliyekodisha makoti ya baridi, mama aliyewapikia wagumu chai ya alfajiri kabla ya kwenda getini: hawa walipoteza kila kitu na hawakuwa kwenye orodha ya mtu. Na waliokimbilia mikopo umiza, ile ya riba kubwa, walijificha. Deni la Mangi linasemeka. Deni la mtu aliyeshika kadi yako ya benki na kitambulisho halisemeki, na msaada haufiki kwa anayekana kuwa na shida.

Wageni walirudi taratibu, 922,692 mwaka 2021 na 1,454,920 mwaka 2022. Walipoanza kurudi, wenye kutuma fedha nyumbani walikutana na tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 15, 2021. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba, lakini kwa miezi ile anayetuma 20,000 "na ya kutolea" alifikiria mara mbili. Vikundi vilivyokusanya kwa mtu mmoja mmoja na kutuma mara moja kwa mwezi viliumia kidogo kuliko vilivyotuma vijisehemu kila wiki.

Ndani ya vikoba vilivyosalimika, mjadala umebaki kwenye vipengele viwili vya katiba. Kimoja ni rahisi: mfuko wa jamii upimwe kwa wiki za unga, si kwa shilingi, na theluthi yake isiguswe kwa msiba wala harusi, itoke tu pale nusu ya wanachama wanapokosa kipato kwa pamoja. Cha pili ni kigumu. Kikundi salama ni chenye kazi mchanganyiko, lakini watu huaminiana kwa sababu wamebeba mzigo pamoja, na mgumu hamjui mkulima wa mpunga wa Mabogini. Njia ya katikati inayopendekezwa ni vikundi viwili vya kazi tofauti kuandikiana mkataba wa kukopeshana bila riba, kimoja kikianguka, hadi kiwango fulani cha jamii. Wakulima wanauliza kiangazi kikipiga na mlima ukiwa na wageni, nani atahesabu kwamba wameanguka, na mwenye funguo ya tatu ya boxi akae upande gani.